Milala ya Bi Somoe kwenye Waya za Pikapu

Nilitoka Nachingwea kwa sababu moja: nilitaka na mimi niitwe fundi. Miaka miwili nilikuwa namshikia tochi Fundi Saidi, fundi magari, na kichwani nilishaandika kibao cha gereji yangu, rangi ya bluu. Basi Mzee Chande wa Matambarale, kule Ruangwa, alipoleta habari kwamba panya wametafuna waya za pikapu yake zikagusana na kuungua, Fundi Saidi akaniambia, "Nenda wewe, mimi nimebanwa. Jumamosi mchana gari hilo linapeleka timu ya kijiji kucheza Namungo. Lisipowaka, wanapoteza mechi bila kugusa mpira."

Ijumaa alfajiri nilipanda lori la chumvi hadi Ruangwa mjini, sanduku la vifaa mapajani. Kutoka pale nikapakiwa kwenye baiskeli. Kila kilima tunashuka, tunasukuma.

Jioni, Matambarale. Mzee Chande na mkewe, Bi Somoe, walinipokea kama mtoto wao aliyetoka masomoni: maji ya moto ya kuoga, ugali, kisamvu cha karanga. Maneno ya bibi yalikuwa machache, lakini sahani yangu ikipungua tu, anaongeza.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Pikapu ilikuwa ya kijani, yenye difu mbele na nyuma, ya kupita kwenye matope ambako nyingine zinalala. Kwa furaha yangu nikalikata fungu lote la waya zilizoungua kwa mkupuo mmoja, nikijua nitaziunganisha kwa rangi zake, kama nilivyofundishwa. Nikapangusa masizi. Kumbe fundi wa zamani alitumia roli moja tu ya waya. Waya zote nyekundu, sijui upi unakwenda wapi.

Kepteni wa timu, Hamisi, akaja na viatu shingoni. "Fundi, umekuja kutengeneza au kuchinja?"

Nilikaa chini, machozi karibu.

Bi Somoe alikuwa barazani anasuka mkeka. Akainuka na milala yake, yale majani makavu ya kusukia, iliyotiwa rangi: njano, zambarau, nyeusi, kijani. "Mjukuu wangu, mimi nikisuka maua sitegemei kichwa. Naweka alama. Wewe gusa, mimi nafunga."

Tukaanza. Nikagusisha waya wa kwanza kwenye betri, honi ikalia, kuku wakatawanyika. Bibi akafunga njano. Wa pili, taa moja ya mbele ikawaka: "Jicho la huku limefumbuka," akasema, akafunga zambarau. Kisha tukahamia ndani, nikawa nabonyeza swichi moja moja na kupima kwa balbu ni waya upi unapata umeme, naye anafunga rangi ileile upande wa pili wa mkato. Mwisho nikaunga njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi.

Saa saba mchana Mzee Chande akazungusha ufunguo. Ikawaka. Hamisi akanibeba mgongoni. "Nilikuwa namtania tu huyu, ni fundi," akawaambia wenzake. Namungo tulifika kwa wakati, tukatoka sare, tukarudi tunaimba, taa zote mbili zinamulika njia.

Jumapili nilirudi Nachingwea. Fundi Saidi alifungua sanduku langu, akakuta kifurushi cha milala nilichopewa na bibi. "Ulikwenda kutengeneza gari au kusuka?"

Nikamweleza yote, hata lile kosa la kukata. Fundi Saidi akafungua kile kifurushi, akakigawa nusu, nusu moja akaiweka kwenye sanduku lake.

Asante, Bi Somoe. Mpaka leo sikati waya kabla sijaufunga alama.