Sahihi ya Upele

Watu huniambia nisamehe. Dada yangu ameniambia, na hata mwanamke anayeniletea mandazi ya kuuza kila asubuhi. Nawasikiliza, nawamiminia chai, na sisamehe. Mtu aliyetaka kunitoa kibandani kwa dole gumba langu mwenyewe nimemfungia moyoni, na ufunguo nimeutupa.

Kibanda changu kiko chini ya ngazi, ndani ya jengo la ofisi za serikali hapa Mbale. Nauza chai, mandazi, karanga, peni na bahasha. Barua iliyonipa nafasi hiyo inasema kibanda ni cha mtu asiyeona, na mimi sijaona mwanga tangu surua ilipopita nikiwa na miaka minne. Kabla ya kupewa kibanda nilikuwa nikiuza ndizi mbivu kando ya barabara kule Namatala, pikipiki zikikanyaga sinia langu, na wenye pikipiki wakiniuliza kwa nini sikuwaona. Kwa hiyo anayekigusa kibanda kile amenishika koo.

Aliyekigusa ni karani msimamizi wa majengo, mwanamume wa viatu vinavyolia na marashi makali. Kila asubuhi alikuja kuchukua karanga na kunitania. Maboksi yangu nayabandikia karatasi za nukta nundu, maandishi yetu wasioona ya kusomwa kwa vidole, ambazo nazichoma mwenyewe kwa kibao na sindano, na yeye akizipapasa alikuwa akisema kwa Kiganda, akiniita bibi, "Nyabo, karatasi zako zimeota upele tena." Nilicheka naye. Mteja ni mteja.

Hapa lazima niseme habari ya lugha. Nilizaliwa Jinja, mtaa wa Kimaka, mtoto wa askari, katika nyumba ambayo hata kuku tulimfukuza kwa Kiswahili. Utawala wa askari ulipoanguka, mama alinishika mkono akanileta huku kwao, na jambo la kwanza aliloniambia tuliposhuka ni kwamba Kiswahili nikiache Jinja. Kilikuwa lugha ya askari, watu walikuwa na vidonda bado, na aliyesikika akikisema aliulizwa baba yake ni nani. Nikakimeza. Miaka yote ya kibandani nimesalimia watu "mulembe", nimejibu kwa Kigisu au Kiganda, na hakuna aliyewahi kunisikia nikisema hata "habari".

Karani alikuwa na Kiswahili kibovu alichookota kwa madereva wa malori ya Kenya, ambacho "natoka" na "anatoka" ni kitu kimoja, na alikitumia alipotaka kuficha jambo. Asubuhi moja alisimama na askari wa getini hatua mbili kutoka kwenye birika langu.

"Afande, hii mama mwezi ya kesho natoka," alisema. "Shemeji yangu nakuja kaa hapa."

"Na yeye nakubali?"

"Naambia yeye ni barua ya rangi. Kibanda napakwa rangi. Naweka dole, naisha."

"Bwana, yeye nasikia."

"Nasikia nini? Hii kipofu hajui Kiswahili."

Wakati huo nilikuwa namimina chai, kidole kikiwa ukingoni mwa kikombe kama ninavyofanya siku zote ili nijue kimejaa. Nilisahau kuacha kumimina. Chai ikaniunguza, askari akanipa pole kwa Kiganda, nami nikamjibu kwa Kigisu kwamba birika lilikuwa zito.

Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka. Ningeweza kumgeukia palepale na kumtukana kwa Kiswahili cha Kimaka, na kile kina matusi ya kutosha kambi nzima. Lakini angekana, na neno langu dhidi ya lake lisingefika popote. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikanyamaza, na nilinyamaza kwa nia mbaya kabisa.

Karani aliileta barua baada ya siku mbili. Akaniambia kwa sauti tamu kwamba serikali imenikumbuka, kibanda kitapakwa rangi ya buluu, niweke dole hapa chini. Nikamwambia mimi mtu niliyesoma, siweki dole, nina sahihi yangu. Akacheka. Nikaibana karatasi kwenye kibao nikaanza kuchoma. Nilichoma pole pole, kwa nguvu, mpaka mkono ukaniuma.

"Sahihi yako ndefu, nyabo," alisema.

"Kuna jina la baba na la babu," nilimjibu. "Na la wajomba."

Akaichukua akaenda zake, viatu vikilia kwa furaha. Nilibaki na hofu moja tu. Nukta zikikandamizwa ndani ya faili chini ya mafaili mengine, hulala, na zikilala hazisomeki. Wiki tatu nilimwomba Mungu, si anilinde, bali azilinde zile nukta.

Kamati ya majengo ilikaa siku ya mvua, ile mvua inayoteremka kutoka mlima Wanale bila kubisha hodi. Niliitwa. Karani alieleza kwamba nimekiacha kibanda kwa hiari yangu, na sahihi yangu hii hapa. Mwenyekiti akaniuliza kama ndiyo. Nikasema sahihi ni yangu, na ninaomba isomwe.

Mtu mmoja akacheka. Lakini kwenye kamati ile hukaa mwakilishi wa watu wenye ulemavu, mwalimu mstaafu, asiyeona kama mimi, ambaye hakuna aliyewahi kumpa karatasi mkononi. Siku hiyo walimpa. Nilisikia vidole vyake vikitembea, vikasimama, vikarudi mwanzo. Kisha akakohoa na kusoma, neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile kibovu:

"Hii kipofu hajui Kiswahili. Naambia yeye ni barua ya rangi. Naweka dole, naisha. Shemeji yangu nakuja kaa hapa."

Marashi yalikuwa mle ndani, lakini viatu havikulia. Nikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikafungua mdomo kwa lugha ya baba yangu. "Waheshimiwa," nilisema, "Kiswahili nimekinyonya Kimaka. Maneno hayo si yangu. Mwenyewe mnamjua kwa jinsi anavyosema." Wakamwita askari wa getini. Alipiga mguu chini akasema, "Ni yeye ilisema, bwana." Niliona raha ambayo sijawahi kuiona katika harusi yoyote, na sioni aibu kusema hivyo.

Kibanda kilibaki changu. Shemeji hajakanyaga hapa. Karani alihamishwa, na nilipoambiwa amepelekwa Jinja nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kulikoni.

Siku yake ya mwisho alikuja kibandani. Nilivijua viatu kutoka ngazini. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayetembea gizani, "Mama, nisamehe mimi. Nilikosa wewe."

Nilimfungia karanga zake kwenye karatasi yenye nukta, nikamwekea mkononi, na kumjibu kwa Kigisu kwamba sijui Kiswahili.