Kikombe cha Kwanza cha Baba

Siku ile tuliyoteremka Ujiji kumzika Mzee Athumani haijanitoka machoni, mwanangu, ingawa meno niliyokuwa nayo wakati ule mengi yameshaniaga.

Nilikuwa binti mkubwa. Nyumbani kwetu Kalinzi baba alikuwa amenoa panga. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, naye akaapa kuifyeka mibuni yote aliyoachiwa na babu, apande mihogo. Mama akaendelea kuchambua maharage. Utamwambia nini mtu aliyechoka?

Ndipo ikaja habari ya msiba. Athumani alikuwa mvuvi, rafiki wa baba wa pale mwaloni Katonga, wavuvi wanaposhusha samaki. Baba akishusha maharage, yeye humpa dagaa. Sisi Wakristo wa milimani, wao Waislamu wa ziwani, lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tukaenda.

Baada ya maziko wanaume waliketi nje mikekani. Mimi nilikuwa uani na Bi Mwamvua, dada wa marehemu. Akamimina buni kwenye kikaango cha udongo. Zikaanza kutatarika, moshi ukapanda, na ile harufu, mwanangu! Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza mmoja mmoja. Tangu utotoni nilizichuma buni, nikazianika, nikazikoboa, nisijue kwamba ndani yake mna harufu ile. Kwetu kahawa ilikuwa kitu cha kujaza gunia, kikaenda zake.

Bi Mwamvua akazitwanga, akazichemsha na tangawizi, akawatokea wanaume na birika mwenyewe, nami nikamfuata na vikombe. Baba alikipokea kile kikombe kidogo kama aliyepewa kifaranga.

"Sijawahi kuinywa," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwani unatoka wapi, kaka yangu?"

"Kalinzi. Nalima kahawa."

Bi Mwamvua akaweka birika chini. "Basi hii ni yenu! Marehemu akitoka ziwani haingii ndani kabla hajainywa barazani na jirani zake. Waliogombana amewapatanisha kwayo. Waliovuka kutoka Kongo bila ndugu, amewakaribisha kwayo. Na leo ndiyo imetuketisha tumlilie."

Mzee mmoja Mkongomani, kichwa cheupe, akainuka akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, siku zote tunakunywa jasho lako, na sura yako hatukuijua."

Wengine nao wakainuka. Baba akanywa, uchungu ukamkunja uso, kisha machozi yakamtoka. Alimlilia rafiki au aliililia mibuni? Sikumuuliza hata alipozeeka.

Tuliporudi hakukata hata tawi. Jumapili iliyofuata alimwambia mama akaange buni, akaita majirani. Bei haikupanda upesi. Ipo miaka tuliyolalia uji mtupu, sikufichi. Lakini uani kwetu hapakukosa watu.

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujakitupa ulichorithi, kionje. Kisha kifuate kinakokwenda, uone kinamfaa nani. Kahawa ya pakiti si dhambi, hata mimi wajukuu wakininunulia hunywa. Ila usiinywe peke yako umeinamia simu na jirani yupo mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mungu akupe mikono isiyochoka na ua usiokaukiwa wageni. Na siku yako ikifika, baada ya miaka mingi, wajao kukuzika wapate cha kunywa, na jema la kusema.