Tungechukua au Tungalichukua?

Niwieni radhi kwa kimya changu kirefu. Timu yetu ya Muthara iliniondolea hamu ya kusema.

Leo tumefungwa nyumbani na tumemaliza ligi mkiani.

Kipa wetu Mutwiri, niliyemfundisha Kiswahili, akaniambia, "Mwalimu, tungekuwa na mshambuliaji mmoja tu, tungechukua kombe."

Nikamsahihisha hapo hapo. "Sema 'tungalichukua'. '-Nge-' ni ya jambo ambalo bado linawezekana."



"Mwalimu, umetuzika," shabiki mmoja akaguna.

Mutwiri akavua glavu, akaniwekea mikononi.

"Basi msimu ujao ningalidaka, Mwalimu."

Sikumsahihisha.

Glavu zake ziko mezani pangu. Nyinyi mngemwambia nini?

Akishaamua kubaki au kuacha, nitawaandikia.