Bi Mzani Hakuning'inia

Katika ukumbi ule wa maigizo, hakuna mchezaji aliyeinuliwa hewani kabla Bi Mzani hajaning'inia. Ndivyo walivyozoea: aliyefunga kamba ndiye anayening'inia wa kwanza, avutwe juu mpaka kwenye taa, ashuke, apanguse viganja na kusema, "Haya, twendeni." Mwili wake ndio uliokuwa muhuri. Miaka kumi na tisa alipanda na kushuka bila mkataba wala bima, na kila alipoviulizia aliambiwa yeye ni mtu wa nyumbani.

"Mtu wa nyumbani akivunjika kiuno, nyumba inamuuguza?" aliuliza siku moja. Mkurugenzi alicheka mpaka machozi, akausifu ulimi wake, akaenda zake.

Asubuhi ya mazoezi ya mwisho aliipitisha kamba kiganjani, akahisi mahali pamelegea kama mkate uliolowa. Akazitenganisha nyuzi kwa ukucha. Ndani mkatoka vumbi.

Wa kuinuliwa siku hiyo alikuwa binti wa kaka yake, mcheza dansi, mgongoni amebeba mabawa ya waya mazito kama mtoto anayetambaa.

"Mkanda nimeshafunga, Shangazi. Ning'inia basi, watu wa televisheni wako njiani."

"Sining'inii."

Mkurugenzi akaacha simu yake.

"Haya, Mama, leo unataka nini?"

"Kamba mpya. Na bima ya kila anayevaa mkanda, iandikwe kabla mguu wa mtu haujaiacha sakafu."

"Bima mwezi ujao. Ning'inia."

"Basi na mimi nitaning'inia mwezi ujao."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta yuko peke yake, akakohoa. Mkurugenzi akasogea karibu na kuongea kwa upole ambao Bi Mzani hakuwahi kuusikia kwake.

"Wewe ni mwepesi, Mama. Itakubeba tu."

Hapo ndipo jambo lilipomwingia akilini. Kweli, yeye ni mwepesi. Miaka yote hiyo alikuwa anawadhamini watu waliomzidi uzito, pamoja na mabawa yao na ngao zao, na hakuna aliyeliwaza hilo, hata yeye mwenyewe. Walikuwa wamepona kwa bahati tupu.

"Shangazi, nafasi hii nikiikosa sipati nyingine," binti akasema. "Napanda hivyo hivyo." Akaishika ndoano, akaanza kuitia kwenye mkanda.

Bi Mzani hakubembeleza. Alichomoa kisu, akaikata kamba juu ya kichwa cha binti, akakata tena na tena, vipande vifupi visivyofaa kuungwa.

"Nje," Mkurugenzi akasema, upole ukiwa uleule. "Wewe na binti yako huyo."

Nje ya mlango wa chuma binti alivua mabawa huku analia. "Umenimaliza, Shangazi! Nitakula nini?"

"Utakula ukiwa hai. Nikunjie huo waya."

Walikuwa bado wanakunja lori lilipofika na kushusha wacheza dansi wengine, wageni, wamechangamka. Nyuma yao akapita mlinzi na bunda la kamba ya plastiki, ile ya kufungia mizigo. Mlango ukafungwa kwa ndani. Bi Mzani akatega sikio kwenye upenyo.

"Samahani, bosi," sauti ya msichana ikauliza. "Tuliambiwa hapa kuna mtu huwa ananing'inia kwanza. Ameshaning'inia?"

"Bi Mzani? Asubuhi na mapema," Mkurugenzi akajibu. "Funga mkanda."

Bi Mzani akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. "Sijaning'inia! Jamani, mimi sijaning'inia!"

Binti akayatupa mabawa, akaja kupiga naye. Ndani wakafungulia muziki mpaka mwisho, na chini ya muziki sauti nyingi zikaanza kuhesabu pamoja, kama wanavyohesabu watu wakivuta.