Betri Sita za Bi Zena

Zena hakutaka dhahabu. Yaani mwaka sabini na moja, Ramadhan kapeleka posa Mtaa wa Narung'ombe, wazee wameshakaa mkekani, kahawa imeshamiminwa, bibi harusi anaulizwa mahari gani, mwanamke anajibu anataka redio. Redio ya betri, mpya, yenye mkono wa kubebea. Shangazi yake Sitara, ambaye ndo alikuwa anapeleka maneno kati ya chumbani na ukumbini, alirudi mara tatu kumbembeleza abadilishe. Mtoto wa watu aolewe kwa redio? Si watacheka mpaka mtaa wa Gerezani? Na kweli walicheka. Ramadhan mwenyewe, kuli wa bandarini, mtu wa maneno machache kinoma, akasema anayeolewa ndo anajua anachotaka. Akaileta, imefungwa kwenye shuka.

Sasa skia, ili umuelewe huyu Zena. Enzi hizo huku Bara televisheni hakuna kabisa, hata ya kuazima. Tamthilia ilikuwa sauti tu. Mchezo wa redio mara moja kwa wiki, Alhamisi, nusu saa, basi. Ukikosa umekosa, hakuna kurudisha nyuma, hakuna sijui nitautafuta kesho. Zena alianza akiwa na miaka kumi, katumwa maji bombani, akapita kwenye mgahawa redio inaongea, mwanamke ndani ya redio analia kaachwa. Akasimama na ndoo yake kichwani mpaka mchezo ukaisha. Alivyofika nyumbani alichapwa, na wiki iliyofuata saa ileile alikuwa amesimama palepale. Tangu hapo hakuna mchezo uliompita. Mimba, homa, msiba, yeye na mchezo.

Msiba, ndiyo. Mwaka wa vita Ramadhan alienda Kagera na wanamgambo, na kilichorudi ni barua. Siku ya hitma iliangukia Alhamisi. Watu wako uani wanakula pilau ya marehemu, mjane hayupo. Shangazi Sitara akamkuta chumbani, kajifunika shuka gubigubi, sikio kwenye redio. Walimsema sana kwa hilo. Lakini fikiria, sauti ya kiume pekee iliyobaki mle chumbani ilikuwa inatoka kwenye ile redio.

Ile nyumba ya Narung'ombe ilikuwa ya baba yake Zena, kamuachia, vyumba sita na ua, umeme hakuna. Chumba cha mbele akampangisha Kasmir, Mchaga wa Kibosho, akafungua duka. Yeye na mkewe Winifrida wakalala chumba cha nyuma yake. Kasmir na Zena walitaniana kutwa. Zena alikuwa anamwita Mangi, anamwambia wewe Mangi hata kikohozi chako ungeweza ungekipima kwa kilo ukauza. Kasmir naye anamuuliza Bi Zena, leo kwenye redio yako nani kaachwa, maana nyie watu wa pwani mkikosa wa kumlilia mnaumwa. Akajifanya mchezo ni mambo ya wanawake. Ila kila Alhamisi ukianza, utamkuta kasimama kwenye korido anahesabu makreti matupu. Makreti yenyewe manne. Nusu saa nzima anahesabu.

Halafu vitu vikaadimika. Sabuni, sukari, dawa ya meno, kitenge. Lakini kwa Zena shida yote hiyo ilikuwa moja tu: betri. Watu walikuwa wanazichemsha, wanazing'ata, wanazianika juani kama dagaa. Ua wa Zena ulikuwa na ungo mkubwa, nyumba nzima inaleta betri zao chakavu zinaanikwa pamoja, jioni zinaamka kidogo. Kidogo tu. Redio za Kariakoo nzima zikawa zinanong'ona. Ukipita barabarani jioni husikii kitu, kumbe kila nyumba kuna watu wamekaa duara vichwa vimegusana.

Na mbaya zaidi, ulikuwepo mchezo mmoja wa hatari, unaenda mwaka wa pili. Binti anaitwa Mwanakheri anamtafuta baba yake aliyemtupa akiwa mchanga, na kila asubuhi mzee mmoja kipofu anapita mlangoni kwake kuomba maji ya kunywa. Msikilizaji anajua ndo huyohuyo baba. Mwanakheri hajui. Mzee anajua na hasemi. Mwaka wa pili huo! Watu walikuwa wanagombana sokoni, aseme, asiseme.

Mwaka themanini na tatu msako wa walanguzi ukaanza. Mgambo wanaingia duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, ukikutwa umeficha bidhaa unapakiwa. Kasmir alikuwa na boksi moja la betri chini ya kitanda. Alilipata mlango wa nyuma, akaliweka, akilisubiri lipande thamani. Sasa likawa nyoka. Yeye kutoka nalo hawezi, mwenye duka akionekana na mzigo asubuhi ile kashajifunga mwenyewe. Akamfuata Zena jikoni, na siku hiyo hakutania.

"Bi Zena, wewe ni mjane, ukibeba ndoo ya nguo unaenda kufua nani atakuuliza? Katupe zote mtoni Msimbazi. Isibaki hata moja."

Zena akakubali. Akazipanga betri kwenye ndoo, juu akaweka mashuka, akashuka Jangwani kwenye manyunyu. Masika yalikuwa yameanza. Kule bondeni alikuta hayuko peke yake. Watu wamesimama kila mmoja kivyake, hakuna anayemsalimia mwenzie, mmoja anatupa vitenge, mwingine kasukuma kitu kizito kwenye maji. Mto mzima ulikuwa unatoa povu la sabuni. Sabuni ambayo watu walikuwa hawaioni miezi.

Akaanza kutupa. Moja moja, halafu mbilimbili. Zilivyobaki chache chini ya ndoo mkono ukawa mzito. Wiki nzima jua halijatoka. Betri za kwenye ungo zimelala fofofo chini ya upenu. Na Alhamisi ile, tangazo lilishatoka, ndo ilikuwa mwisho wa Mwanakheri. Redio yake inakula betri sita. Akahesabu sita, akazifunga kwenye pindo la kanga. Sita kati ya boksi zima, si ni kama kazitupa zote?

Alivyorudi akamkuta Kasmir anamsubiri mlangoni.

"Zimekwenda?"

"Zimekwenda."

Kasmir akashusha pumzi, akaenda kufagia duka. Mgambo walipita Jumanne, wakapekua mpaka kwenye godoro, wakakuta chumvi na viberiti. Wakaondoka. Winifrida akapika ndizi akagawia nyumba nzima.

Alhamisi jioni, mvua imekata, Zena akajifungia chumbani na zile betri sita. Mpango wake ulikuwa asikilize peke yake, chini ya shuka, sauti kidogo. Akawasha. Jamani, ile sauti! Alikuwa ameshasahau redio yake ilivyo. Mpaka pumzi za Mwanakheri anazisikia. Na shangazi Sitara, mzee sasa, sikio moja halifanyi kazi, akagonga mlango akasema mwanangu leo mwisho, na mimi nife bila kujua?

Zena angemwambia nini? Akaitoa redio uani. Wapangaji wakaja, majirani wakaja na vigoda, watoto wakakaa chini kwenye tope. Mmoja akauliza hizi betri umeziamshaje, akajibu kazichemsha na chumvi. Shangazi akasema ongeza. Akaongeza. Kasmir akatokea koridoni, leo hata makreti hajahesabu. Miaka ilikuwa imepita ua ule haujasikia redio inaongea kwa nguvu zake, na uso wa Zena, waliomuona wanasema, ulikuwa kama wa siku ile Ramadhan anafungua shuka.

Mzee kipofu kafika mlangoni kwa Mwanakheri. Kapewa maji. Kanywa. Kasema, mwanangu, kaa nikwambie kitu.

Hodi ikapigwa. Watu wote wakadhani ni redioni.

Walikuwa mgambo wawili. Hawakuwa na orodha wala hawakuchongewa na mtu. Walikuwa wanapita barabarani tu, mtaa mzima unanong'ona, nyumba moja redio inasikika mpaka kona. Mkubwa wao akaichukua redio, akaigeuza, akafungua mgongo. Sauti ikakatika hapohapo. Betri sita zinang'aa, rangi zao hazina hata mkwaruzo.

"Umetoa wapi, mama?"

"Za zamani hizo. Nimeanika."

"Mvua hii umeanika wapi?"

Hakuna aliyecheka. Akaulizwa duka gani, maana duka la ushirika betri hazijafika tangu mwaka jana. Zena akashika pindo la kanga. Ndo Kasmir akasogea. Akaziangalia zile betri, akamuangalia Zena mara moja tu.

"Ni zangu," akasema. "Mimi ndo nilimpa. Huyu mama hajui zilikotoka."

Wakamtoa na kandambili zake. Winifrida akawafuata mpaka kwenye gari, kajishika kichwa. Redio nayo ikachukuliwa kuwa kidhibiti cha kesi. Na Zena, hiki alikuja kukisema mwenyewe akiwa bibi, hakuna aliyemlazimisha, muda ule Kasmir anapandishwa kwenye gari kitu cha kwanza kichwani mwake hakikuwa Kasmir. Aliwaza zimebaki dakika tano, wangengoja tu dakika tano.

Kesho yake mtaa mzima unaujua mwisho, maana nyumba nyingine walinong'onewa mpaka tamati. Sitara akaja kumsimulia. Zena akaziba masikio akatoka nje. Kila aliyejaribu, hivyohivyo. Akapika wali, akaufunga, akampelekea Winifrida aende nao gerezani. Winifrida alikuwa anafungasha, duka limeshafungwa, anahamia chumba cha kupanga Buguruni. Hakuupokea. Alisema chakula chako Bi Zena kina betri.

Kasmir alitoka baada ya miezi saba. Alikuja Narung'ombe siku moja kabla ya kupanda basi kwenda kwao Kibosho. Shati lilikuwa lake, ila ungedhani kaazima kwa mtu mnene. Zena alikuwa na maneno yake ameyapanga miezi yote saba. Akamuwekea kigoda uani, akampa maji. Katika yote akauliza kimoja.

"Kwa nini ulisema ni zako?"

"Si zilikuwa zangu."

Akanywa maji. Halafu uso ukachangamka kidogo, kama wa zamani.

"Kule ndani tulibishana sana, Bi Zena. Wengine wanasema yule mzee alimwambia binti, wengine wanasema alirudisha kikombe akaenda zake. Nikawaambia mimi nina mtu wangu Narung'ombe, nikitoka tu ananiambia. Alisema?"

"Sijui, Mangi."

"Hujui vipi?"

"Si walikata. Na sikumuuliza mtu."

Kasmir akaweka kikombe chini. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakiishi, mpaka akashika ukuta. Alivyopata pumzi akajifuta mdomo.

"Hiki sasa," akasema, "hata bure hakina mteja."

Akaondoka. Masika yaliyofuata ikaja habari kwamba amezikwa mgombani kwao.

Zena yupo mpaka leo, palepale, mzee sana. Televisheni zilivyoingia mjini akavuta umeme, akawa wa kwanza mtaani kununua, na tamthilia zote anazijua, za Kihindi, za Kifilipino, za Kituruki, nani mtoto wa nani, nani kamuwekea nani sumu. Jioni watoto wa nyumba wakichelewa kuwasha anawatukana. Ila ukifika usiku wa mwisho wa tamthilia, ukumbi umejaa, mmoja kaongeza sauti, bibi anajikongoja anasimama.

"Punguzeni," anasema. "Barabarani panasikika."

Anaenda uani, anakaa kwenye kigoda, anasugua sufuria kwa majivu mpaka asikie wameanza kutawanyika. Sufuria zenyewe zimeoshwa tangu mchana.