Tulivyopiga Ponki Panda

Wenzangu mliokulia Panda, kambi yetu ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, najua king'ora cha asubuhi bado kinawaamsha hata pale kisipolia. Baba zetu walitoka na makopo yao ya chakula mkononi, moshi wa asidi wa kiwanda ukashuka juu ya kambi, na watoto wa mstari mzima wa nyumba tukakohoa kwa pamoja. Hatukujua kwamba kuna mahali watu wanaamka bila kukohoa. Tulitengeneza magari kwa nyaya za shaba, tukayasukuma hadi njia ya reli. Mchana tulikula bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa Tshangalele, na Jumapili baada ya misa mama zetu walitoa munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi, kwenye mtungi. Nani alijiona maskini?

Muziki ulikuwa mwingi pia. Redio ilileta rumba kutoka Kinshasa, nasi tuliipenda. Lakini rumba, mnaijua, inabembeleza. Mwanamume anamwomba mwanamke mpaka kaseti inafika mwisho upande mmoja, unageuza, anaendelea kuomba. Kisha kulikuwa na nyimbo za kumsifu Kiongozi, ambazo tuliimba kila asubuhi shuleni tukipiga makofi na kuzungusha viuno, tupende tusipende.

Nilikuwa darasa la tano la sekondari pale mwalimu wetu wa fizikia, kijana Mbelgiji mwembamba, alipompa rafiki yangu Mutombo kaseti isiyo na jina. Mutombo alikuwa mtoto wa jirani yetu. Tulikaa kwao sebuleni, yeye, dada yake Kapinga na mimi, tukabonyeza kitufe.

Siwezi kusahau. Gitaa lililia kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Ngoma zilikimbia kama zinafukuzwa. Kijana fulani, ambaye ni wazi hakujua kuimba na wala hakuona aibu, alipaza sauti kwa Kiingereza ambacho hatukukielewa hata neno moja. Wimbo ukaisha kabla hatujamaliza kushangaa. Mutombo alidhani mashine imeharibika, inazungusha kaseti haraka mno.

Kapinga alisema, "Rudisha."

Watu wengine waliposikia muziki ule walisema ni fujo. Sisi tulisikia kitu tunachokijua. Ilikuwa sauti ya karakana za Panda, nyundo, misumeno na vyuma vinavyogongana, ila sasa mtu alikuwa amevipanga na kuweka hasira yake ndani. Mwalimu alituambia muziki huo unaitwa ponki. Tulidhani ni jina la mwimbaji, na kwa miezi mingi tulibishana kama Ponki ni mtu mmoja au ni ndugu wawili. Alituambia pia kwamba kwao vijana wa ponki wanapasua nguo zao kwa makusudi na kuzifunga kwa pini. Mama yangu alipopata habari hiyo aliacha kutwanga.

"Bazungu banapasuaka nguo ya muzuri?" aliuliza. "Basi batume yote hapa."

Leo mwanangu wa kiume ananunua suruali iliyochanwa magotini, na ile iliyochanwa zaidi ni ghali zaidi. Zetu zilichanika zenyewe, na mama zetu walikuwa wakizishona huku wanatugombeza.

Tulianza kupiga wenyewe katika nyumba ya zamani ya kufulia nguo, ambayo ilikuwa imekatiwa maji. Gitaa langu lilikuwa ubao na nyaya za breki za baiskeli. Ngoma za Mutombo zilikuwa mapipa ya mafuta. Kikuza sauti kilikuwa redio kubwa ya baba yangu, na Kapinga aliimbia kwenye mkono wa simu ya zamani. Jumamosi, baada ya kazi za lazima za kufyeka majani ya barabarani, tulijifungia mle. Kuta za saruji zilirudisha kila kelele mara mbili. Tulikuwa wabaya sana, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini niliupenda muziki ule, na kwa nini naupenda hadi leo. Haukuuliza kama una gitaa zuri. Haukuuliza kama sauti yako ni tamu. Kapinga alikuwa na sauti iliyokwaruza, na baba yake mwenyewe, aliyekuwa katekista, alikuwa amemtoa kwenye kwaya ya parokia kwa sababu alifunika sauti za wenzake. Katika nyumba ya kufulia sauti hiyohiyo ilisimamisha nywele zangu.

Baba yake huyo, Papa Kapinga, alikuwa fundi wa vyuma, mtu wa sala, mwenye maneno machache. Siku moja alisimama mlangoni akatusikiliza, kofia mkononi.

"Ile haiko muziki," alisema. "Ile ni bintu inaanguka." Akaenda zake.

Mwaka ule unga wa mgao ulianza kuchelewa. Mama zetu walikwenda kwenye ghala asubuhi na magunia, wakarudi mchana na magunia yaleyale mepesi. Nyumbani kwa kina Kapinga walikula mihogo iliyochemshwa, na mama yake aliacha kukaa mezani na wengine, akisema ameshakula jikoni. Kapinga alilijua hilo. Akatunga wimbo ambao ulikuwa na maneno machache kuliko sala ya chakula: *Bunga iko wapi? Mama analala njala. Bunga iko wapi?* Mutombo aliweka mapipa chini yake kwa kasi ya ajabu. Ulikuwa wimbo wetu bora, na tuliahidiana kwamba hautatoka nje ya kuta zile.

Ikaja sikukuu ya chama. Uwanja wa mpira ulijaa tangu asubuhi, wanawake wamepangwa kwa mistari juani, wamevaa vitenge vyenye uso wa Kiongozi. Okestra iliyoalikwa haikufika, lori lao lilikuwa limekufa njiani. Mwenyekiti wa mtaa wetu, mtu mnene aliyefungwa vizuri ndani ya abakosi yake, ile suti ya chama isiyo na tai, alikuwa amesikia kwamba tuna vyombo. Akatuita.

"Batoto, mupige wimbo ya kusifu. Moja tu. Bakubwa banangoja."

Hatukuwa na njia ya kukataa. Tulileta redio na mapipa, tukapiga wimbo wa kusifu taratibu, kama tulivyofundishwa shuleni. Wakubwa walipiga makofi kivulini. Wanawake walipiga makofi juani, wamechoka. Nilianza kuvua gitaa nikamwona Kapinga bado ameshika mkono wa simu. Alikuwa anamtazama mama yake, mstari wa pili, aliyekuwa amejishikiza begani kwa jirani asianguke.

Kapinga alimgeukia kaka yake. "Ile ingine," alisema.

Mutombo alinitazama. Mimi nilitazama vidole vyangu, navyo vilikuwa vimeshashika nyaya.

Tulipiga. Mwenyekiti alianza kupiga makofi, kwa sababu hakusikia maneno, alisikia kasi tu. Wanawake ndio waliosikia kwanza. Mmoja alicheka. Kisha Kapinga alipouliza tena bunga iko wapi, mistari yote ilimjibu, "Iko wapi?" Uwanja mzima ukauliza. Mikono ya mwenyekiti ilibaki hewani. Mtu alikata waya, redio ikanyamaza, lakini Kapinga aliendelea bila redio, na wanawake walimfuata mpaka mwisho wa wimbo.

Walituchukua sote watatu, wakatufungia katika chumba cha nyuma cha ofisi ya mtaa. Mimi nililia, sina haja ya kuficha. Kapinga alikaa sakafuni, hana sauti kabisa, imemkauka.

Kesho yake Papa Kapinga alikuja moja kwa moja kutoka misani, na koti lake la katekista. Ukuta ulikuwa mwembamba, tulisikia kila neno. Mwenyekiti alitaka kujua ni nani aliyemfundisha msichana kutukana chama.

"Hakutukana," alisema Papa Kapinga. "Aliuliza bunga. Kuuliza bunga ni kosa gani? Ku kwako hamuulizake?"

"Weye unaweza kupoteza kazi. Na nyumba pia."

Tulimsikia Papa Kapinga akisema, polepole kama anavyosoma Injili, "Nyumba ni ya kampuni. Mutoto ni yangu."

Nje, barazani, mama zetu walikuwa wamekaa chini na magunia yao matupu mapajani. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Kila aliyetaka kuingia ofisini ilimbidi awaruke, na mmoja wao alikuwa mke wa mwenyekiti. Jioni mlango ulifunguliwa. Mapipa yalikuwa yametobolewa, na gitaa langu limevunjwa vipande. Hatukuguswa.

Lakini Papa Kapinga aliondolewa karakana akapelekwa machimbo ya chokaa Kakontwe, kazi ya kupasua mawe, mtu wa umri wake. Alirudi kila jioni mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Kapinga hakuweza kumtazama. Jumapili moja tulikuwa tumekaa barazani kwao, na Papa Kapinga alitoka na kiti chake, akaketi, akakunja mikono.

"Imba ile ya bunga," alimwambia binti yake.

Kapinga aliimba bila ngoma, akipiga mguu chini. Baba yake alisikiliza amefumba macho. Alipomaliza, mzee alikunjua mikono.

"Iko fupi," alisema. "Rudia."

Miaka ilipita. Mutombo alikwenda kutafuta kazi Kolwezi na akabaki huko. Miaka ya tisini, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, kama kina Kapinga, walipoambiwa warudi kwao, Kapinga alipanda treni na wazazi wake, bila kaka yake, kwenda "kwao" ambako hakuwahi kukanyaga. Nilimbebea mzigo hadi kituoni. Watu walikuwa wengi mno, hatukuagana vizuri. Sasa yuko Mwene-Ditu, hukohuko Kasai, anafundisha kwaya, na wanakwaya wake, nasikia, wanalalamika kwamba anawakimbiza.

Vijana wa leo wana muziki wa dunia nzima ndani ya simu, ponki na mwingine uliokuja baadaye wenye kasi zaidi, na wanausikiliza kila mmoja na vidude vyake masikioni, wamekaa pamoja bila kuwa pamoja. Nawacheka, nao wananicheka. Juzi tu, nyuma ya nyumba yangu, niliwasikia watano wanajaribu wimbo wao na jenereta. Sauti mbaya, ngoma inatangulia, mwimbaji anapayuka. Nikaenda nikasimama mlangoni. Yule wa ngoma akaniona, akashusha vijiti haraka.

"Papa, kelele inakusumbua?"

"Apana," nilimwambia. "Ongeza."