Fundi wa Mashine ya Risiti

Fundi wa kompyuta wa ofisi ninayosafisha hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kama mtu aliyeepua sufuria kwa mikono mitupu. Kila asubuhi mashine ikiwashwa, programu ya risiti hugoma. Yeye huianzisha kwa mkono, kisha hunigeukia kwa upole, kama anayembembeleza mtoto mwongo: "Mama, umegusa waya tena?" Waya gani, jamani? Dekio langu halifiki hata chini ya meza ile! Lakini bosi ameshaniambia nikirudia nitafute kazi kwingine.

Jana alikuja fundi mwenzake, dada mmoja mcheshi. Alichungulia skrini, akacheka. "Kaka, kwenye agizo la kuianzisha kila asubuhi umeandika jina la programu tu. Mashine itaipata wapi? Andika njia nzima, tangu mwanzo wa diski mpaka kwenye faili lenyewe." Fundi wetu akapuliza vidole, akaandika. Wakaizima mashine, wakaiwasha, programu ikaanza yenyewe. Nilisimama nikimkodolea fundi wetu macho, nikingoja aniombe radhi. Akampigia bosi simu.

"Imepona, mkuu," alisema. "Nimemkanya mama wa usafi. Hatagusa tena."